Jiwe Pindoni mwa Kanga

Sanduku la Shangazi Mwasiti lilikuwa linanuka karafuu na sabuni ya mche. Nilipolifungua, siku moja baada ya arobaini yake, harufu ile ilinipiga usoni nikarudi nyuma hatua mbili nzima, mtu mzima na watoto wangu watatu. Ndugu walikuwa wameniachia kazi ya kugawa nguo. Nikawa natoa kanga moja moja, naikunjua, nainusa, naikunja tena, kazi ya nusu saa nikaifanya tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Ile ya chini kabisa, nyekundu iliyofifia, ilikuwa na fundo pindoni. Fundo la pindoni mnajua ni la nini. Nikasema, masikini Shangazi wa watu, ameacha hela yake ya sukari. Nikalifungua kwa meno, maana lilikuwa limekaza kwa miaka. Likadondoka jiwe.

Jiwe dogo, laini, jeusi, lina mstari mweupe umelizunguka kiunoni. Nililitambua papo hapo, nikakaa sakafuni. Mara ya mwisho kulishika nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimeliiba.

Wa rika langu mliokulia Mpanda mtamkumbuka Shangazi. Alikuwa na duka la vitenge kwenye ule mtaa wa maduka ya zamani, mwanamke mrefu, mdomo mkali, mkono mwepesi wa kutoa. Ni dada mkubwa wa baba. Wazazi wangu walikuwa wanalima Kabungu, mimi nikawekwa kwake mjini nisome. Sasa, wageni waliokwenda Sitalike kutazama viboko walikuwa wakati mwingine wanakwama Mpanda siku nzima wakisubiri treni. Shangazi akiwaona wamekaa na mabegi yao, vumbi mpaka kwenye kope, hakuvumilia. Anafunga duka, anajitanda kanga, anawafuata. "Nyie mmekaa tu? Inukeni niwaonyeshe mji!" Dereva wao alikuwa anatafsiri, na Shangazi anamkosoa tafsiri, ingawa Kiingereza chenyewe alikuwa hajui hata cha kuombea maji.

Walianzia stesheni. Pale anasimama kwenye kokoto za reli, anasema, "Hapa reli inaisha. Yakobo alishuka hapa kwa sababu inaishia hapa. Ingeendelea, naye angeendelea." Halafu anawapitisha kwenye maduka, ananyoosha kidole upande wa mgodi wa zamani, maana magoti yake hayakutaka vilima, mpaka kwenye nyumba iliyokuwa ya Yakobo. Siku hizo ilikuwa saluni ya kike. Mwenye saluni alishazoea, akituona anasogeza ndoo ya maji mlangoni bila kuambiwa. Kwenye mwimo wa mlango, upande wa kulia, kulikuwa na alama nyembamba imelala mshazari na matundu mawili ya misumari. Nyumba ilishapakwa rangi mara nyingi lakini alama haikuziba. Shangazi alikuwa anamshika kila mgeni kidole, anakipitisha pale. "Hapa alipigilia maneno ya Mungu wake. Akiingia anagusa, akitoka anagusa. Na wewe gusa." Wageni waligusa. Nani angethubutu kumkatalia?

Yakobo alikuwa Myahudi. Neno hilo nililisikia kwa Shangazi kabla ya pengine popote, nikadhani ni kabila la huko Ulaya tu, kama sisi tulivyo Wakonongo na majirani zetu Wafipa. Alikimbia kwao wakati Wayahudi walipokuwa wanauawa, ndugu zake wote wakaishia huko. Yeye akapanda meli, akapanda treni, akafika kwetu na mke wake kuwa fundi wa mitambo mgodini. Babu yangu alikuwa mwenzake wa kazi, mmoja anakaza nati, mwingine anashika spana. Shangazi, mtoto mdogo wakati huo, alikuwa anaona mishumaa miwili kwenye dirisha lile kila Ijumaa jua likizama, na alikuwa anaingia kucheza na binti yao, Ruti.

Kisha homa ikamshika Yakobo. Alipoona hachomoki alimwita Babu akamwambia, "Mnioshe kwa maji, mnifunge kitambaa cheupe, msinitie kwenye sanduku. Kwetu ni hivyo hivyo." Babu alikuwa anasema alishangaa, mzungu gani huyu anazikwa kama sisi? Akamwosha yeye mwenyewe na wenzake wawili. Makaburi ya misheni hayakuwa yake, ya Waislamu nayo hayakuwa yake, kwa hiyo wakamlaza katikati, kwenye kipande cha ardhi kati ya makaburi ya wale na ya hawa. Mke na mtoto waliondoka kwa treni. Yule mama, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye behewa, alimwambia Babu, "Usiache nyasi zimfunike." Babu akaapa. Alipokufa, kiapo kikamrudia Shangazi, na mimi nilipoletwa mjini nikapewa fagio. Kila Ijumaa nikitoka shule nafagia kaburi la mtu ambaye hata baba yangu hakumjua.

Huko ndiko ziara ya Shangazi ilikuwa inaishia, na huko ndiko yalikokuwa mawe.

Ruti alirudi Mpanda akiwa mzee, nywele nyeupe tupu. Mara ya kwanza sikumbuki, nilikuwa sijaletwa. Ya pili naikumbuka. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto wa miaka sita, kile alichoondoka nacho. Aliingia uani kwetu akamwambia Shangazi kwa kudeka, "Mwasiti, mimi nasikia njaa. Nataka ugali." Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Wakaenda kaburini wameshikana mikono, mimi nyuma yao. Bibi Ruti akaingiza mkono mfukoni, akatoa jiwe jeusi lenye mstari mweupe, akaliweka juu ya kaburi. "La mama," alisema. Mama yake alikuwa amefariki bila kurudi Mpanda. Basi, ndiyo yalikuwa maombolezo yote.

Kijana wa Bibi Ruti alishawahi kuja, akaacha jiwe. Wajukuu walikuja wakielekea mbugani, wakaacha mawe. Yalifika kumi na moja, na kila moja limetoka mbali, moja la pwani, moja la uani kwao, moja lina rangi ya yai. Mimi, akili yangu ya miaka tisa ikafanya hesabu yake. Kule misheni watu wanaleta maua. Kwetu tunamwagia maji, tunapanda kamche. Hawa wamepanda ndege, wana kamera shingoni, wamekuja kumwona baba yao na jiwe! Jamani, ubahili gani huu? Nilimhurumia sana Yakobo, kuzaa watu wa namna hiyo.

Sasa nije kwenye mdako. Mnaukumbuka, kishimo kidogo, mawe ndani, unarusha moja juu, kabla halijashuka umeshayakokota mengine nje, unarusha tena unayarudisha na kubakiza moja. Bingwa wa mtaa wetu alikuwa Kabula, binti wa Kisukuma ambaye ukoo wao ulikuja na ng'ombe kutoka kaskazini wakapiga boma nyuma ya makaburi. Vidole vyake vilikuwa virefu, na alikuwa na tabia ya kucheza huku akitazama pembeni, makusudi, kutuudhi. Sisi wote tulicheza kwa kokoto za reli, zina ncha, zinachuna vidole. Tulikuwa tunacheza za kweli, ukishindwa jiwe linaliwa. Nilichoka kuliwa.

Ijumaa moja baada ya mvua nikafika na fagio langu, mawe ya kaburini yameoshwa, yanang'aa, laini, mviringo, saizi ya kiganja changu kabisa. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Nikajiambia, si waliyatupa tu hapa? Nikayamwaga yote kumi na moja kwenye sketi ya shule.

Wiki ile nilikuwa malkia. Mawe yale yalikuwa yanajikokota yenyewe. Watoto walikuja mpaka kutoka mtaa wa stesheni kuyatazama. Lakini Kabula ni Kabula, akanila mawili, moja la rangi ya yai, na lile jeusi lenye mstari.

Halafu simu ikaja. Kijana wa Bibi Ruti alipiga, akasema mama ni mgonjwa na madaktari wamekataza safari, ila yeye amesema atakuja Mpanda kumuaga baba yake hata kama ni kwa kubebwa. Siku sita zimebaki. Shangazi alipiga vigelegele dukani peke yake. Kesho yake akaenda kaburini kutazama kama apake chokaa au asipake.

Alirudi na kanga begani badala ya kichwani, na Shangazi hakuwa mtu wa kutembea kichwa wazi. Akakaa kwenye kigoda.

"Zuhura, mawe ya watu yako wapi?"

"Mawe gani, Shangazi?"

"Ya kaburini. Hakuna hata moja." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwao jiwe ndiyo ua, mwanangu. Ua linanyauka kabla hujafika nyumbani. Jiwe linakaa, linamwambia aliyelala pale, fulani alifika, hukusahauliwa. Ruti anakuja na mauti yake mkononi, nimwonyeshe nini? Atasema tumemtupa baba yake. Nitasema nini mimi, na baba yangu aliapa?"

Pale pale ningesema. Mdomo niliufungua kabisa, lakini kilichotoka ni, "Labda ng'ombe za kina Kabula. Niliziona zinapita."

Shangazi hakungoja. Alinishika mkono tukaenda mpaka kwenye boma lao, akamwambia baba yake Kabula maneno makali mbele ya wake zake na watoto wake, kwamba mifugo yake inavuruga waliolala na vijana wake wanaokota mali za makaburini. Yule mzee alisimama na fimbo yake, mtu mpole, akajibu, "Mama, ng'ombe zangu hazipiti makaburini. Na mimi sijalea mwizi." Kabula alikuwa nyuma ya mama yake. Alinitazama tu. Hakusema kitu, na angeweza kusema.

Jioni ile nikamfuata kwenye lambo akinywesha ndama. Nikamweleza yote, nalia. Akatoa lile jiwe la rangi ya yai kwenye kitambaa cha kiunoni akanitupia miguuni.

"Na jeusi?"

"Lilinidondoka lamboni juzi." Maji yalikuwa mengi, ya tope, na ng'ombe wamejaa humo mpaka tumboni. "Shangazi yako kamwita baba mwizi wa makaburi," akasema. "Na wewe ulikuwa umesimama hapo hapo."

Hakucheza na mimi tena. Mwaka ule haujaisha, ukoo wao ukahamia upande wa Mishamo.

Kesho yake nilisema naenda kufagia. Nikayapanga mawe kumi. Pengo la lile la kumi na moja lilinitazama, nikashindwa kuliacha. Nikakimbia mpaka stesheni, nikaokota kokoto la reli, la kijivu, lina ncha, nikaliweka pale. Shangazi alipokwenda kuangalia akarudi anatikisa kichwa. "Loo! Ng'ombe wa siku hizi wana adabu. Wamerudisha mawe ya watu na kuyapanga." Nikashusha pumzi. Nawaambia ukweli, nilidhani ameamini. Nilidhani hivyo hata alipochukua kitenge kizuri kuliko vyote dukani, akakipeleka kwa mke mkubwa wa boma lile, akakaa huko mchana mzima akiomba radhi.

Bibi Ruti alifika, amekwisha, mkono wake unaonyesha mifupa yote. Alikataa gari. Alitaka kutembea, na alitaka kutembezwa na Mwasiti kama mgeni mwingine yeyote. Basi tukaanzia stesheni, Shangazi akasema maneno yake ya siku zote kuhusu reli inapoishia, na Bibi Ruti anasikiliza kama hajawahi kuyasikia. Kila baada ya hatua ishirini alikaa kwenye kigoda nilichobeba kichwani. Saluni walizima mashine za nywele zote. Akapitisha kidole kwenye ile alama ya mlangoni, akakibusu kidole. Ilituchukua asubuhi nzima kufika makaburini.

Aligusa mawe moja moja, akiyataja. La Daniel. La Noa. La mtoto wa Noa. Mimi nimeshika kigoda, nahesabu naye. Akafika mwisho, akarudia tena.

"Mwasiti. La mama silioni."

Shangazi hakuwa mtu wa kusema uongo. Mteja akiuliza kama kitenge kinachuja, na kama kinachuja, alikuwa anasema kinachuja, nunua kingine. Siku ile nilimsikia akisema, polepole, "Mvua ya mwaka huu ilikuwa kubwa, Ruti. Itakuwa imelichukua."

Bibi Ruti akaokota kokoto langu. "Na hili la nani? Nani alikuja?"

Shangazi akanigeukia. Alinitazama muda mrefu, akiningoja, na leo ndiyo najua alikuwa ananingoja. Nikasema, "La kwangu."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo mkubwa kuliko ule wa ng'ombe. Bibi Ruti alilia. Alinivuta kifuani kwake, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kitoto, "Mtoto mzuri. Wewe ulikuja kwa baba yangu." Aliniambia mimi na Shangazi tumefanana, kwamba zamani wakicheza mdako mbele ya nyumba ile Mwasiti alikuwa anamshinda kila siku. "Unajua mdako?" akaniuliza. Nikaitikia kwa kichwa, nikashindwa kumtazama. Lile kokoto akalirudisha mwenyewe mahali pake, akalipapasa. Miezi michache baadaye simu ikaja kwamba amefariki.

Sikumwambia Shangazi kamwe. Kwanza niliogopa fimbo, baadaye niliona aibu, baadaye nikaona ni mambo ya kitoto, limepita. Nikaolewa, nikahamia mbali, nikawa narudi sikukuu kwa sikukuu. Kila nikija alikuwa ananiuliza, "Huna la kuniambia?" Mimi najibu, "Salama tu Shangazi, watoto wanasoma." Anasema haya. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nilijiona kata peke yangu.

Siku ya arobaini alikuja mama mmoja na pikipiki, na gunia la maharage. Vidole virefu. Nilimjua kwa vidole. Kabula anafanya biashara ya mazao sasa, Mishamo na Mpanda. Tulikumbatiana, tukalia, nikamwomba msamaha ule niliochelewa nao, akasema alishanisamehe zamani. Hakuna lingine tulilozungumza, watu walikuwa wengi. Lakini jiwe lilipodondoka kwenye kanga nilimpigia simu.

"Kumbe hakukuambia?" akasema. "Alipoleta kile kitenge aliniuliza, nikamwambia lilizama lamboni. Kiangazi kile lambo lilipokauka, kabla hatujahama, alikuja. Siku tatu, Zuhura. Anachimba tope kwa mikono, na kanga yake nyekundu ameifunga kiunoni. Baba akamhurumia, akatutuma sote tukachimbe naye. Mimi ndiye niliyelipata."

"Mbona hakulirudisha kaburini?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, 'Aliyelitoa ndiye atakayelirudisha. Mimi namshikia tu. Msimwambie, atakuja kuniuliza mwenyewe.'"

Nilikata simu bila kuaga. Alinishikia jiwe hilo maisha yake yote, pindoni, na mimi namwambia watoto wanasoma.

Alasiri ile nilimchukua binti yangu wa mwisho, Salma, ana miaka minane, tukaenda. Nyasi zilikuwa zimeanza, siku arobaini tu. Tukazing'oa kwa mikono. Mawe kumi yapo, na kokoto langu lipo, ncha zake zimeanza kulainika. Nikaliweka jeusi mahali pake. Nikasema kwa sauti, Yakobo, hili ni la mkeo, mimi ndiye niliyelichukua. Kisha nikalichukua kokoto langu, nikatembea zile hatua chache mpaka upande wa Waislamu, kwenye kaburi jipya ambalo udongo wake haujashikana, nikaliweka pale. Nikamwambia Shangazi yale aliyokuwa akiningoja niyaseme. Niliyasema yote, mpaka ya ng'ombe.

Salma alikuwa amesimama, mikono kiunoni, amenikunjia uso. Amerithi mdomo, huyo.

"Mama nawe! Jiwe tu? Bibi alikuwa anakupenda vile, si ungemnunulia hata maua?"

Nilicheka, nikalia, vyote pamoja, mpaka mtoto akaogopa. Kisha nikamvuta nikamkalisha kwenye nyasi tulizong'oa, nikamwambia, "Kaa hapa mwanangu. Nakusimulia: tunaanzia stesheni, halafu tunarudi hapa."